Wa 17 duniani, na bado mnanicheka

Hivi kibanda umiza, hivi vya kulipia kuangalia mpira, siku hizi mtu anatakiwa aende na barua ya mtendaji wa mtaa? Nauliza tu, maana nilivyohojiwa leo pale Mwanga, hapa Kigoma, hata kwenye mkopo sijawahi kuhojiwa vile, na mkopo wenyewe nilinyimwa.

Leo Jumamosi tarehe 2 Septemba 2023 Sudan Kusini anacheza na Angola kule Manila, Ufilipino, Kombe la Dunia la kikapu, na humo ndani kuna tiketi ya Olimpiki ya Paris mwakani. Sasa Manila wako mbele yetu masaa matano, jioni yao ndo mchana wetu huku, muda ambao binadamu wa kawaida yuko kwenye mihangaiko. King'amuzi cha nyumbani kifurushi kilishaisha na mama watoto kashasema hakilipiwi mpaka ada iishe. Bando nalo mnalijua, ukifungua video inazunguka weee, haijaonyesha hata mguu wa mchezaji unaletewa meseji kwamba umeshatumia lote. Boda kanitajia bei ya kutoka Katubuka mpaka Mwanga, nikamwangalia, nikampa shikamoo, nikatembea.

Nafika kibandani, kijana kaweka marudio ya Ngao ya Jamii. Ile ile ya Tanga ya mwezi wa nane! Simba kabeba kwa penati, kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji hakuna asiyejua, na bado watu wamejaa kwenye mabenchi wameshika vichwa eti kipa leo anaweza akabadilisha mawazo.

Nikajisogeza kistaarabu. Kijana kanisalimia vizuri tu, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, naomba niwekee kikapu.

"Kikapu gani mzee?"

"Mpira wa kikapu. Sudan Kusini na Angola."

"Kwani we mzee ni wa Sudan?"

Nikamwambia mimi ni Muha wa hapa hapa, babu yangu kazikwa Ujiji, ila nina haki ya kumshangilia jirani. Akafikiria, akaangalia wateja, akasema mzee hawa wote washalipa mia tano mia tano, nikibadilisha watadai hela yao, labda uwalipie. Wote. Basi mimi, niliyetumwa mkaa, hela ya mkaa ikiwa mfukoni imekunjwa vizuri, nikawalipia watu nisiowajua ili waache kuangalia mechi wanayoyajua matokeo. Mnaona maisha?

Kikawekwa. Hapo ndo shughuli ikaanza, maana ukishalipia watu wanakuona we ndo mwalimu wa darasa. Mzee mmoja wa kahawa, kaweka birika lake pembeni, ananiuliza kwa upole kabisa, "Hawa warefu wakishinda leo ndo wanachukua kombe?"

"Hapana mzee wangu, kombe walishatoka kwenye makundi."

"Walishatoka?"

"Ndiyo."

"Sasa wanacheza nini?"

Hapa ndo nilipaswa nikae kimya ninywe kahawa yangu. Nikasema ukweli, kwamba wanagombea kwenye nafasi ya kumi na saba huko.

Jamani. Kibanda kilicheka. Mama wa vitumbua aliyekuwa nje akaingia kuuliza kuna nini, akaambiwa, na yeye akacheka, akaita mwenzake. Kuna dogo kavaa jezi ya Yanga akasema mzee umetulipia tuangalie watu wanagombea kuwa wa kumi na saba? Hata shuleni wa kumi na saba hapewi daftari!

Nikasimama. Mtu mzima, nimewahi kuvaa jezi ya mkoa UMISSETA, michezo ya sekondari, sio mtu wa kuchekwa na watoto. Nikawaeleza taratibu. Timu ziko 32. Za Afrika ni tano, Angola, Misri, Cape Verde, Ivory Coast na hawa Sudan Kusini, na hakuna hata moja iliyovuka makundi. Sasa Olimpiki wamegawa tiketi saba kupitia hili kombe, Ulaya mbili, Amerika mbili, Asia moja, Oceania moja, na Afrika moja. Kwa hiyo ile yetu moja anapewa Mwafrika atakayemaliza juu ya Waafrika wenzake, hata kama duniani ni wa kumi na saba. Mmeelewa?

Kimya. Nikajua wameelewa.

Mzee wa kahawa akasema, "Kwa hiyo wa kumi na saba anaenda, wa kumi anaweza akabaki?"

Nikasema ndiyo, akiwa Mzungu wa Ulaya anaweza akabaki, akatafute kwenye mashindano mengine ya kufuzu mwakani.

"Hiyo sio haki," anasema mzee. Sasa yuko upande wa Wazungu! Na kahawa yangu kachukua hela kamili.

Dogo wa Yanga naye akaona timu ikipata mpira lazima irushe ndani ya sekunde 24, akauliza wakichelewa je, nikamwambia wananyang'anywa. Akaguna akasema hiyo sheria ikija Ligi Kuu kuna mabeki watakufa njaa. Hapo kidogo nilimpenda. Halafu akaharibu, akauliza mbona refa haoneshi ofsaidi.

Nikawaambia hawa mnaowacheka walimpiga Mchina 89 kwa 69. Juzi Alhamisi wamempiga Mfilipino, mwenyeji, mbele ya ndugu zake, 87 kwa 68. Puerto Rico walimtoa jasho mpaka muda wa nyongeza ndo wakapoteza 101 kwa 96. Na nchi yenyewe imepata uhuru 2011, rika moja na mwanangu wa darasa la sita ambaye mpaka leo anavaa viatu mguu wa kulia kushoto! Wako Jumuiya ya Afrika Mashariki na sisi tangu 2016, tunakaa meza moja Arusha, wao ukumbi wa ndani wa kikapu nchi nzima hawana, ila wana Luol Deng, mtu kacheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, miaka, karudi kawa rais wa shirikisho na hela yake ya mfukoni kaweka.

Na sisi je? Sisi mwaka 2009 Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili timu za NBA zilipokuwa zinachagua wachezaji wapya. Wa pili! James Harden wa tatu, Stephen Curry wa saba, nyuma yake, wamepanga foleni. Nilidhani baada ya pale kila shule itawekewa goli la kikapu. Nendeni mkaone lile lililopo karibu na kwangu. Limebaki moja, la pili lilikatwa likaenda skrepa. Ubao umeoza pembeni, ring imeinama mbele kama mdomo wa mtu anayenuna, na pale wavu ulipotakiwa kuning'inia mlinzi kafunga kamba ya kuanikia shuka, ncha ya pili iko kwenye mwembe. Siku moja watoto wanarusha mpira ukapita kwenye ring safi kabisa ukatua kwenye shuka lililofuliwa. Wakachapwa. Wamefunga pointi mbili wamechapwa! Halafu mnauliza kwa nini Tanzania haipo Manila.

Basi nikiwa nimesimama hivyo hivyo nahutubia, robo ya tatu, umeme ukakata.

Nikageuka kwa kijana. Washa jenereta. Akaniambia mzee, jenereta ni ya mechi za Mashujaa tu, timu yetu ya Kigoma, mafuta bei gani siku hizi. Sawa, Mashujaa wamepanda Ligi Kuu, mji mzima tunafurahi, na mimi nafurahi, lakini hela yangu je? "Umeme si wangu mzee." Nirudishie basi hata ya hawa watu. "Hawa washaangalia mzee." Nikawageukia niliowalipia, angalau wanitetee, dogo wa Yanga kashatoka kitambo, mzee wa kahawa anasuuza vikombe ananiambia yote maisha, mwanangu.

Yote maisha! Mtu kalipiwa!

Matokeo nikayapatia barabarani kwa meseji ya shemeji yangu wa Dar: Sudan Kusini 101, Angola 78, Paris hiyooo, na chini yake kaandika shem una elfu kumi hapo. Sikusoma sehemu ya pili. Nikapiga kelele peke yangu, mkono juu. Jamaa wa mkaa akaniuliza, "Mashujaa?" Nikamwambia hapana, Sudan Kusini, kikapu, Olimpiki. Akasema ahaa, akaniangalia vile nilivyofurahi, akaongeza mia mbili kwenye bei ya kopo.

Na kopo lenyewe sasa. Kwa juu linajaa mpaka linamwagika, ukilipindua unakuta chini limebonyezwa kwa ndani, kisahani kizima cha mkaa kimeliwa pale. Nikamuuliza hili vipi, anasema mzee lilianguka. Nikaenda kwa wa pili, lake nalo limeanguka. Wa tatu pia. Sasa naulizia tu nyie mlioko Gungu na Ujiji, na kwenu yameanguka?