Mahakama Ilitaka Kujua Walivyoishi

Wiki iliyopita nilimsindikiza rafiki yangu, Mtanzania mwenzangu anayeachana na mumewe hapa California, kujaza fomu ya mahakama ya mapato na matumizi. Ndani yake kuna mstari wa chakula cha nyumbani, wa kula nje, wa kufuliwa nguo, hata wa starehe, zawadi na likizo. Alipofika hapo aliweka kalamu chini akalia, maana katika miaka 14 ya ndoa hakuna aliyewahi kumuuliza nyumba yake inaendeshwaje.

Kifungu cha 4320 cha Sheria ya Familia ya jimbo hili kinamtaka jaji anayepanga matunzo, yaani fedha ambazo mwenza mmoja humlipa mwingine wanapoachana, atazame kiwango cha maisha walichokizoea wanandoa, pamoja na umri wao, afya zao, muda wa ndoa na uwezo wa kila mmoja kujitegemea. Kwetu Tanzania swali ni moja: ulichangia nini?

Msiniambie nimesahau nilikotoka. Najua Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inataja uwezo na mahitaji katika matunzo, lakini inataka pia kutazamwa nani aliivunja ndoa na mila za jamii husika, nasi tunajua mila hizo humwegemea nani. Najivunia kwa dhati kwamba mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani yetu ilitamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo. Hata hivyo mali ni jambo moja, na chakula cha mwezi ujao ni jingine. Wangapi wameondoka na kitoka nyumba, yaani kile kipozeo anachopewa mke anapoachwa, na matunzo ya eda tu?

Atakayedai kwamba wanawake wataolewa ili waachike walipwe, ajue kuwa hata hapa anayetunzwa huweza kuonywa na mahakama ajitahidi kujitegemea, na kwamba mshahara uliolipia nyumba moja haulipii mbili kwa kiwango kilekile. Rafiki yangu hataishi tena kama alivyoishi. Angalau maisha yake yameandikwa, mstari kwa mstari, na jaji atayasoma.

Mama yangu alipoachwa baada ya miaka 22, wazee wa baraza walimuuliza kama ana risiti za mabati ya nyumba. Hakuwa nazo, akarudi kwa babu na masanduku mawili.