"Uchi" na "utupu": lipi lenye staha?

Wapo waandishi wanaolikwepa neno "uchi" kwa kuliona karibu na tusi, wakakimbilia "utupu". Hoja yao ina mashiko kiasi. "Uchi" lina maana mbili: hali ya kutovaa nguo, na sehemu za siri zenyewe. Kinachozitenganisha ni sarufi. "Alionekana uchi" ni hali. "Uchi wake ulionekana" ni kiungo. Kimilikishi kikishaingia, ndipo masikio yanaposhtuka.

Ila "utupu" nao hauna usafi huo unaosifiwa. Tafsiri za Kurani huandika "wazilinde tupu zao", na hapo hazungumziwi mtu asiyevaa bali kiungo. Katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, Adamu na mkewe walikuwa "uchi" wala hawakuona haya (Mwanzo 2:25), ilhali makatazo ya kujamiiana kwa ndugu, Walawi 18, yanarudia "utupu" mstari baada ya mstari. Anayetafuta neno lisilo na doa amekimbilia lenye doa zaidi!

Tena -tupu ina kazi nyingine. Asili yake ni kukosa kitu: mkono mtupu haulambwi. Kisha ikabeba maana ya "pekee, bila mchanganyiko", kama uongo mtupu. Ndiyo maana ukiandika "walikuja watoto watupu", msomaji ataelewa kwamba hapakuwa na mtu mzima. Nguo hazitamjia akilini. "Watoto walikuja uchi" haina utata. Kwa hali, basi, "uchi" ndilo neno, na "uchi wa mnyama" ukitaka kukazia. Kwa viungo, "sehemu za siri" inatosha. "Picha za utupu" imeshazoeleka. Sioni haja ya kuipiga vita.

Kuhusu asili ya "uchi", Kichewa, lugha ya Kibantu ya huko Malawi, huwatega wengi, maana huko "uchi" ni asali. Ni rahisi kudhani kwamba Waswahili walilitupa neno hilo kwa haya, wakaazima "asali" ya Kiarabu. Sauti zinakataa. Nyuki, wa mzizi huohuo, Kichewa humwita "njuchi". "Chi" ya huko ni "ki" ya huku, kama "chinthu" na "kitu". Asali hiyo kwa Kiswahili ingekuwa "uki", na isingegongana na "uchi" hata kidogo.