Kumkojoza mtoto mapema si kumwonea

Wazazi wengi Mombasa siku hizi huambiwa poti ingoje hadi mtoto atimize miaka miwili. Nyanya anayempakata mjukuu wa mwezi mmoja na kumkojoza huonekana mshamba, au mkali. Ukali huo uko wapi?

Mwaka 1977 jarida la Pediatrics lilichapisha uchunguzi kuhusu Wadigo, majirani zetu wa Pwani ya kusini. Mama huanza wiki za mwanzo: hukaa chini, miguu kainyoosha, mtoto katikati kampa mgongo, kisha humtolea sauti ya "shuu". Akikojoa, hunyonyeshwa au huchezeshwa. Kufikia miezi 5 au 6 watoto walikuwa wakavu mchana na usiku.

Tarakimu hiyo ndiyo inayozua ubishi, nayo isomwe vizuri. Mtoto wa miezi 6 hajipeleki chooni. Hujinyonganyonga au hunyamaza ghafla, na aliyempakata akajua. Kazi ni ya wawili, na fimbo haimo. Daktari Brazelton wa Marekani, aliyehimiza mwaka 1962 mtoto angojwe awe tayari, alikuwa akipinga kulazimisha watoto. Watoto aliowafuatilia walikauka mchana kwa wastani wa miezi 28.5. Onyo lake limegeuzwa rungu la kumpigia nyanya ambaye hakumlazimisha mtu.

Wanaongoja nao wana hoja. Uchunguzi wa Marekani wa 2003 uliona kwamba walioanza mapema walimaliza wakiwa wadogo zaidi, ila mafunzo yalichukua muda mrefu. Kufunga choo hakukuongezeka. Tena njia ya Wadigo hudai mtu aliye karibu kutwa. Mama anayevuka feri alfajiri, mtoto kamwachia yaya mwenye watoto watatu, hana budi kungoja hadi mtoto akae mkavu kwa muda wa saa mbili, ashushe chupi mwenyewe, afuate maagizo mawili mfululizo.

Hapo akalishwe potini mara tu baada ya kula, utumbo unapoamka, dakika tano basi. Nyayo ziguse sakafu. Zikining'inia hapati nguvu ya kusukuma. Choo kigumu kitibiwe kwanza kwa maji na papai, kwani kikimuumiza atakibana, nacho kitazidi kukauka. Joto letu na sakafu ya saruji husaidia: ashinde bila nepi, mikojo ipigwe deki. Kuacha nepi ya usiku kusiharakishwe. Na yaya aelezwe ratiba na ishara zile zile za mama, la sivyo Jumatatu mnaanza upya.