Pikipiki Iliyosusa

Nilipoiegesha pikipiki yangu uani mwezi wa Machi, tulikuwa tunaelewana vizuri. Masika yalikuwa yameanza, njia yetu ya huku Pasua, mjini Moshi, ilikuwa imegeuka uji, nami nikaona ni busara kupanda daladala mpaka mvua zikatike. Nikaifunika kwa turubai, nikaipigapiga kwenye tangi kama mtu anayemuaga ng'ombe wake, nikaingia ndani. Mvua zilikatika, Juni ikafika na baridi yake, na mimi nikaendelea kubanwa kwenye siti ya nyuma ya daladala huku nikijiambia kwamba wiki ijayo nitaitoa. Kumbe mwenzangu alikuwa anahesabu siku.

Jumapili iliyopita tulikuwa na kikao cha harusi ya mtoto wa shemeji yangu, saa nane mchana, kule Majengo. Mke wangu alipendekeza tuchukue bajaji. Nilimjibu, kwa sauti ambayo sasa naijutia, "Mama Neema, mtu mwenye chombo chake hagombanii bajaji." Alinitazama, akalitazama turubai, kisha akampigia simu dereva wa bajaji bila kuongeza neno.

Nilipogeuza ufunguo, taa ya gia iliwaka kwa unyonge wa kibatari kinachoishiwa mafuta. Nikabonyeza stata, ikatoa mlio mmoja mdogo, "tk", mfano wa mtu anayesonya akiwa usingizini. Betri ya volti 12 iliyojaa vizuri hupima kama volti 12.6, yangu ilipopimwa baadaye ilikutwa na 11.4, yaani ilikuwa imekata roho zamani na iliyobaki ni heshima tu. Nilidhani kitu kisichotumika hakiishi. Betri haiko hivyo, kwani hujimaliza yenyewe polepole hata kama hakuna aliyeigusa, sawasawa na sukari ya nyumbani kwangu.

Hilo halikunitia hofu, kwa sababu pikipiki yangu ni ya aina ambayo cheche yake haitegemei betri, kwa hiyo kiki ingetosha. Nikavuta choki, nikapiga kiki. Nilipofika kiki ya ishirini nilivua koti. Nilipofika ya arobaini, shati nililopigiwa pasi kwa ajili ya kikao lilikuwa limenigandia mgongoni, na majirani walikuwa wameshatoa viti nje.

Nchi yetu ina uhaba wa mambo mengi, lakini haijawahi kupungukiwa na watu wanaojua kwa nini pikipiki ya mwenzao haiwaki. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita alisimama, akasema ni plagi. Mangi wa dukani akasema, akiwa amesimama palepale mlangoni pake, kwamba nimelazimisha choki. Mzee mmoja aliyekuja kununua kiberiti akaagiza pikipiki ilazwe ubavu ili mafuta yateremke, tukailaza, ikabaki imelala kwa raha zake. Mwishowe kauli moja ilipita: isukumwe.

Sasa, asiyeijua Moshi aelewe kwamba mji huu umekaa kwenye mteremko wa mlima, na kila kinachosukumwa kuelekea kusini sharti kirudishwe kwa kupandishwa. Watoto sita walinisukuma, nami nikiwa nimekaa juu kama bwana harusi, nikatia gia ya pili na kuachia klachi. Tairi la nyuma liliburura vumbi, pikipiki ikapiga chafya moja, ikanyamaza. Tulirudia mara tatu. Mlima, ambao msimu huu wa baridi hujificha mawinguni kutwa nzima, ulichagua saa hiyohiyo kuifunua Kibo yote, nami nikasukuma chuma changu kuupandisha mtaa huku theluji ikinitazama usoni.

Ndipo alipokuja fundi, kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo mzee. Haijawashwa kwa muda gani?"

"Si muda mrefu."

Alichungulia bomba la moshi, akatoa utando wa buibui kwa kidole, akanionyesha bila kusema kitu. Kisha akafungua tangi na kunusa. "Mzee, hii si petroli tena," alisema, na kweli ilinuka kama vanishi ya fundi seremala. Alinieleza kwamba petroli ikikaa, sehemu yake nyepesi inayowaka kwa urahisi huruka, na inayobaki kwenye kabureta hugeuka gundi. Alipokifungua kikombe cha kabureta, kilichomwagika kilikuwa cha rangi ya chai ya rangi. Akaing'oa jeti ndogo, yaani kijisehemu chenye tundu la kupitishia petroli, akaielekeza kwenye mwanga na kunipa nitazame. Tundu lake ni jembamba kiasi kwamba hata likiwa safi unahitaji imani kuliona, na siku hiyo halikuwapo kabisa. Alichambua waya wa umeme, akatoa uzi mmoja wa shaba mwembamba kama unywele, akaanza kuzibua kwa subira ambayo sijawahi kuiona kwa mtu anayenidai pesa.

Plagi nayo ilitoka imelowa chapachapa. Zile kiki zangu arobaini za choki, ambazo nilizihesabu kuwa juhudi, zilikuwa zimeizamisha.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini alipofungua kifuniko cha ubavuni ili aangalie chujio la hewa, alikuta panya wamejenga, na wamejenga kwa ufundi: sponji ya siti yangu kwa ajili ya godoro, na kando yake vipande vya karatasi ngumu nyeupe yenye maua ya dhahabu. Mtoto mmoja aliyefika darasa la nne, na ambaye kwa bahati mbaya anasoma vizuri, aliokota kipande kikubwa na kukisoma kwa sauti: "Familia inakuomba mchango wako wa hali na mali." Hiyo ndiyo kadi ya harusi niliyowaapia wanakamati kwamba haikunifikia. Niliificha chini ya turubai mwezi wa Aprili, nikisubiri mwisho wa mwezi ulio mzuri.

Fundi alitia plagi mpya na lita mbili za petroli mpya, akapiga kiki mara tatu, na pikipiki ikanguruma kwa moshi uliowafanya majirani waingize viti vyao ndani. Akapokea shilingi 20,000 zake, akanionya nisiizime kwanza. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nimeshika mkono wa mafuta, sithubutu kuachia mkono hata kujifuta jasho, wakati bajaji iliposimama getini na Mama Neema akashuka.

"Kikao kimeisha," alisema kwa sauti ya juu kuishinda injini. "Wamekupa cheo."

"Mweka hazina?"

"Mwenyekiti wa kamati ya usafiri. Nilipowaambia umekataa bajaji, wakasema mtu huyo lazima ana magari."