Mchicha wa ndoo: bustani ya nyumbani juu ya Uwanda wa Makonde

Kila kiangazi kikianza, huku Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, hurudi ushauri uleule: kila kaya iwe na bustani ya mboga uani, watu wapate vitamini. Ni ushauri mzuri, ila anayeutoa kwa kawaida siye anayebeba ndoo.

Huku juu hakuna mto. Maji ya mradi wa Makonde hupandishwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema, na bomba likikauka watu hununua. Tupige hesabu. Kitanda cha mchicha cha mita moja kwa tano, mwezi wa Agosti, kinataka karibu ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Mchicha unachumwa baada ya wiki nne, kwa hiyo ndoo 28. Tuseme ndoo ni shilingi 200: umetumia 5,600. Kitanda kikikubali kikatoa mafungu 30, nalo fungu ni shilingi 200, umebakiwa na 400, na hapo hujagusa mbegu, samadi wala uzio wa kuzuia kuku. Anayesema "acha nihangaike na mikorosho, mboga nitanunua" hajakosea hesabu, wala si mvivu. Miezi hiyohiyo ndiyo ya ubwiriubwiri, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho unaozuiwa kwa unga wa salfa. Alfajiri, umande ungalipo, yuko shambani na mashine ya salfa mgongoni. Jioni tena akachote maji?

Salfa yenyewe ina mambo yake. Shangazi yangu aliotesha mchicha hatua chache kutoka mkorosho wa jirani, akifuata kivuli. Asubuhi moja akakuta majani yamepakwa unga wa njano. Aliuosha mara mbili, akaupika kwa nazi, akaonja, akamwaga sufuria nzima. Nazi nayo ikaenda.

Lakini "nitanunua" inataka pesa iwepo na mboga iwepo. Pesa ya korosho huja kwa mkupuo minada ikianza, kuanzia Oktoba. Ikifika Julai nyumba nyingi zimebaki na madeni dukani. Na huweza kuchelewa: msimu wa 2018/19 serikali ilinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, uhakiki ukachukua muda, na wapo waliosubiri malipo kwa miezi. Mboga nayo, nyanya na kabichi nyingi hutoka mikoa ya mbali. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam pande za Kilwa, malori yalilala njiani.

Halafu kuna jambo ambalo washauri hawalisemi sana. Pesa ya mnada huingia kwenye akaunti ya mwenye shamba, na mara nyingi huyo ni baba. Fungu la mchicha linalouzwa mlangoni ni la mama, na ndilo linalonunua chumvi na daftari la mtoto. Kwangu hii inaishinda hata hoja ya vitamini.

Nikizipima pande zote mbili, naona kinachoamua ni bati. Nyumba yenye bati, mifereji na kisima cha kuvunia mvua, tuseme cha lita 20,000, itatumia karibu lita 3,700 kunywesha kitanda kimoja kuanzia Juni hadi mwisho wa Novemba. Maji hayo hayakununuliwa, kwa hiyo bustani inalipa. Nyumba ya nyasi isiyo na kisima isisukumwe. Iwe na kisamvu cha mpira, kinachovumilia kiangazi bila ndoo (kitwangwe na kuchemshwa sana, kina sumu kuliko cha kawaida), mlonge pembeni, na viroba viwili vya matembele vinyweshwe maji ya suuza ya mwisho, maana ya kwanza yana sabuni. Majani ya kunde ya wakati wa mvua yaanikwe yangali mengi.

Mabondeni, kando ya mto Ruvuma au Lukuledi, ni habari nyingine. Kule maji yako karibu, na mtu analima bustani ya kuuza.

Mimi ningepewa fungu la fedha la kusaidia kaya za huku juu, ningenunua simenti na mifereji kwanza, pakiti za mbegu mwisho. Shangazi ameshahamisha kitanda chake: kiko nyuma ya nyumba, hatua tatu kutoka mdomo wa kisima, na ukuta unakikinga na mkorosho wa jirani.