Nailoni Hailindi Mashine, Inailea Kutu

Ukikuta msumeno wa meza au mashine ya randa imefunikwa gubigubi kwa nailoni, inua uone. Mara nyingi kutu imeshaanza. Mwenye mashine anadhani ameikinga, kumbe ameifungia na unyevu.

Meza za mashine hizi ni chuma kizito, na chuma kizito hakipati joto upesi. Usiku kinapoa, asubuhi hewa inapata joto lakini chuma bado ni baridi, basi mvuke ulioko hewani ukikigusa unageuka matone. Pakiwa wazi matone hukauka. Chini ya nailoni yanakwenda wapi? Mimi hufunika kwa shuka kuukuu la pamba, na sioni sababu ya kununua kitu kingine.

Adui wa pili ni maranda. Unga wa mbao hunywa unyevu na kuulaza juu ya chuma usiku kucha. Ubao mbichi ndio mbaya zaidi: uache juu ya meza jioni, kesho ukiuinua unakuta alama ya kahawia yenye pembe nne zile zile za ubao. Hata jasho la kiganja, kwa chumvi yake, huacha alama za vidole. Kwa hiyo kufagia meza kabla ya kuzima taa kuna faida kuliko kopo lolote la dawa.

Kuhusu grisi ya kuzuia kutu, nasema wazi siitaki juu ya meza. Inanasa vumbi, inachafua mbao, na penye mafuta vanishi haishiki. Dawa za kupuliza zenye silikoni ndizo balaa kabisa. Vanishi inajikunyata na kuacha vijishimo. Nta ngumu isiyo na silikoni inatosha: paka nyembamba, iache ikauke, sugua kwa tambara. Na mbao zitateleza vizuri.

Wengine huwasha jiko la gesi ili karakana ikauke. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, yaani unaongeza kile kile unachokimbia.

Kutu ikishaingia, chomoa waya wa umeme, weka mafuta ya taa kidogo, sugua kwa nyuzi za chuma kufuata urefu wa meza, ufute mpaka pakauke. Doa likibaki lakini ukipitisha kidole husikii mkwaruzo, liache. Ila nta ipakwe siku hiyo hiyo, maana chuma kilichotoka kusuguliwa kiko uchi na hushika kutu upesi.