Gololi, Beseni na Majoho ya Kwaya

Ukiona makanga ameingia kwenye mjadala wa fizikia, funga daftari uende zako. Jirani yangu wa ghorofa ya nne, hapa kwetu mtaa wa Pipeline, Nairobi, anapiga kazi kwenye matatu za barabara ya Outering, na Jumamosi hiyo alikuwa ofu. Alishuka kuchukua chaja yake, akanikuta kwenye korido nikiwapa watoto wa ploti tuisheni ya nishati ya mwendo. Badala ya kuondoka, akavuta stuli.

"Ticha, hiyo spidi unaisingizia bure," akasema. "Kinachoua ni uzito. Gari ikiwa tupu, hata iwe themanini, ukikanyaga breki inatii."

Watoto wote wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nimesomea, yeye ana sauti. Nikaandika ubaoni: nusu, mara masi, mara kasi kipeo cha pili. Masi ikiwa mara mbili, nishati inakuwa mara mbili. Kasi ikiwa mara mbili, nishati inakuwa mara nne, na breki ile ile itakupeleka umbali mara nne kabla gari halijasimama. Ndiyo hesabu ya 40 na 80, gari likiwa tupu au limejaa hadi mlangoni.

Binti mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono. "Ticha, ile nusu ya mbele si inakatana na ile mbili ya juu?"

Nikanyamaza kidogo. Kuna swali ukilijibu kwa pupa unamvunja mtu moyo. Nikamwambia achukue masi ya kilo 1, kisha aweke kasi ya 2, halafu ya 4. Akapata 2, akapata 8. Akafuta. Akapata tena 2, tena 8. Akanitazama kwa uchungu, lakini akakubali.

"Hiyo ni ya mtihani," makanga akamtuliza. "Kwa maisha ya kawaida ni mara mbili."

Hapo ndipo nikamtaja Willem 's Gravesande, yule Mholanzi wa miaka ya 1720 aliyekuwa akiangusha tufe za shaba kwenye udongo laini na kupima mashimo. Émilie du Châtelet wa Ufaransa alitumia majaribio hayo kuwabishia wakubwa waliodai kasi haihitaji kipeo. Watoto hawakungoja nimalize. Dakika chache baadaye tulikuwa na gololi za chuma za jua kali, timazi ya fundi wa ghorofa ya pili, na beseni lililojaa udongo mweusi wa huku kwetu, ule unaong'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Beseni lenyewe lilikuwa la Mama Kwaya. Hakuwa ameulizwa.

Kwanza tuliangusha gololi kubwa na ndogo pamoja. Mtoto mmoja alikuwa ameapa kubwa itatangulia. Zikafika pamoja. Akasema ndogo imesukumwa na upepo.

Kisha kubwa peke yake, kutoka ghorofa ya kwanza, kama mita 3. Ilizama sentimita 4. Ghorofa ya nne ni mita 12, yaani kimo mara nne, na kasi ya kufika chini mara mbili: kutoka kilomita 28 kwa saa hivi hadi 55.

Mvulana wa kidato cha pili, aliyejipa cheo cha injinia, akapiga hesabu yake. "Kasi mara mbili, shimo mara mbili. Sentimita 8. Udongo una 12. Tuko na akiba ya nne!"

Nikamwambia aongeze udongo, maana shimo litataka 16.

"Wacha uoga, ticha," makanga akaita kutoka juu, gololi mkononi. "Hata ikizidi, itazidi kidogo tu."

Akaiachilia.

Udongo ulijitahidi hadi senti yake ya mwisho, lakini robo ya nishati ilibaki. Kwa hiyo gololi ilifika chini ya beseni na kishindo kile kile cha kuangushwa kutoka ghorofa ya kwanza, safari hii kwenye plastiki kuukuu iliyokalia mawe mawili, katikati hewa tupu. Beseni lilisema *pwaa!* likapasuka nusu kwa nusu. Nusu moja ikabaki juu ya jiwe. Nyingine ikabingirika na udongo wake wote, ikatua ndani ya karai la majoho meupe ya kwaya, yaliyokwisha kusuuzwa, yakingoja kamba.

Mama Kwaya akatoka na vibanio mkononi. Akatazama karai. Akatazama juu. Makanga alikuwa ameshaondoa kichwa.

"Ni mara ngapi, mwalimu?"

"Nne, Mama."

"Basi mtayafua mara nne. Ibada ni kesho saa tatu."

Mifereji ilikuwa imekauka tangu Alhamisi, ikabidi tununue maji ya mkokoteni. Makanga akateremshwa kusimamia mitungi. Injinia akatokea kwenye kona ya ngazi akikimbia, mtungi wa lita 20 begani.

"We kijana, punguza spidi!" makanga akapiga kelele. "Utatuua!"

"Si ulisema ni uzito?"

"Mwageni nusu basi," akasema Mama Kwaya, "lakini mjue mnarudi kununua."